Modeli ya sikio kwa darasa la Baiolojia, Mwanza: somo la kusikia limekamilika, msawazo wa mwili umesahauliwa

Modeli hii ya sikio la binadamu, iliyokuzwa mara tatu na kutengenezwa kwa plastiki ngumu inayofunguka katika vipande sita, inapatikana katika maduka ya vifaa vya shule na hospitali hapa katikati ya jiji la Mwanza. Nimeinunua kwa shilingi 190,000 baada ya kupunguziwa kidogo. Ninafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, na nilikuwa natafuta kifaa kimoja kitakachonisaidia katika mada mbili: uratibu wa mwili, ambako sikio hufundishwa, na jenetiki, ambako wanafunzi wamechoka kusikia habari za njegere za Mendel peke yake. Kwa mada ya pili nimechagua mfano wa panya wadogo wa maabara na sikio lao la ndani, kwa sababu sijui mfano mwingine unaomwonyesha mwanafunzi kwa uwazi kiasi hicho jinsi jeni moja ikiharibika inavyobadilisha namna mnyama mzima anavyosimama, anavyotembea na anavyoogelea. Kipimo nilichotumia kuitathmini modeli hii ni hicho: je, inamsaidia mwalimu kufika huko?

Sehemu ya kusikia imetengenezwa vizuri na sina malalamiko makubwa. Kiwambo cha sikio kinatoka pamoja na kifupa cha nyundo, na vifupa vya fuawe na kikuku vimeunganishwa kwa pini ya chuma inayoviruhusu vicheze kidogo, kiasi kwamba mwanafunzi akikisukuma kiwambo kwa kidole anaona kikuku kikisogea hadi kwenye dirisha la yai. Koklea, kiungo cha kusikia chenye umbo la konokono, ina mizunguko yake miwili na nusu, na imekatwa upande mmoja ili vyumba vya ndani vionekane. Rangi zimepakwa kwa uangalifu, isipokuwa ile ya njano kwenye neva, ambayo imeanza kubanduka pale inaposhikwa mara kwa mara.

Kipande cha labirinti, kinachobeba koklea upande mmoja na mifereji mitatu ya nusu duara upande mwingine, ndicho kilichonifanya nitoe fedha. Mifereji hiyo imewekwa katika mielekeo yake sahihi, kila mmoja ukiwa karibu pembe mraba na mwenzake, na ule wa mlalo umeinuliwa kidogo mbele kama ulivyo kichwani mwa mtu aliyesimama. Kila mfereji una uvimbe mdogo mwishoni, mahali penye seli zinazohisi mzunguko. Nimekitumia kipande hiki pamoja na kiti cha ofisi kinachozunguka: mwanafunzi aliyefungwa kitambaa machoni anazungushwa polepole kwa muda, kisha kiti kinasimamishwa, naye anasema kwa uhakika kabisa kwamba sasa anazunguka kuelekea upande wa pili. Darasa likiwa na kipande cha labirinti mkononi, linaelewa mara moja kwamba kichwa kimesimama lakini majimaji ndani ya mfereji bado yanakwenda. Kwa somo hilo peke yake modeli inastahili sifa.

Tatizo linaanza pale mifereji hiyo mitatu inapokutana. Hapo pana vifuko viwili, utrikuli na sakuli, na ndivyo vinavyomwambia binadamu, panya, ndege na samaki chini ni wapi. Mifereji huhisi kichwa kinapogeuka; vifuko hivi huhisi kichwa kinapoinama, kinapoharakishwa kwenda mbele au kinaponyanyuliwa, na huhisi uvutano wa dunia hata mtu akiwa ametulia tuli gizani. Katika modeli hii vifuko vyote viwili vimefanywa donge moja la plastiki lililozibwa, lenye mstari mwembamba wa bluu kuonyesha mpaka kati yake. Hakuna mfuniko wala mkato, na ndani hakuna kitu. Mtengenezaji aliyejitahidi kuonyesha kila mzunguko wa koklea hakuona haja ya kufungua dirisha hata dogo kwenye kiungo ambacho, kwa wanyama wenye uti wa mgongo, kimekuwepo muda mrefu zaidi kuliko koklea yenyewe.

Mwanafunzi angepaswa kuona nini humo? Angeona sakafu ya seli zenye vinyweleo, juu yake tabaka la utando laini kama uji mzito, na juu ya utando huo maelfu ya fuwele ndogo za kalisi kaboneti, kila moja ikiwa na urefu wa takribani mikrometa 10. Fuwele hizo ni nzito mara 2.7 kuliko maji, kwa hiyo kichwa kikiinama huvutwa chini kuliko majimaji yanayozizunguka, utando unateleza, vinyweleo vinapinda, na seli zinapeleka taarifa kwenye ubongo. Sakafu ya utrikuli imelala karibu sambamba na ardhi mtu anaposimama, na ile ya sakuli imesimama wima. Abiria wa daladala inayofunga breki ghafla pale Buzuruga anapata habari kutoka utrikuli. Mvuvi ambaye mtumbwi wake unapandishwa na kushushwa na mawimbi nje ya Kirumba anapata habari zaidi kutoka sakuli. Haya yote inabidi niyachore ubaoni, huku modeli ya shilingi 190,000 ikiwa mezani imefungwa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu fuwele hizo ndizo mlango wa kuingilia jenetiki. Wapo panya wa ukoo uitwao pallid, wenye manyoya yaliyopauka, ambao wengi wao huzaliwa wakiwa na fuwele chache sana au bila fuwele kabisa katika sikio moja au yote mawili. Wanasikia, na mifereji yao ya nusu duara ipo, ila hawajui chini ni wapi. Wakiwa sakafuni huinamisha kichwa upande mmoja. Wakiwekwa majini, ambako panya wa kawaida huelea na kuogelea pua ikiwa juu, hawa hujipindua chini ya maji na kuzunguka bila kuupata uso wa maji, na mtafiti hulazimika kuwatoa haraka. Jaribio hilo la kuogelea limekuwa njia ya kawaida ya kuwatambua panya wasio na fuwele, na linaeleweka bila maelezo mengi kwa mtoto yeyote aliyekulia kando ya ziwa, kwa kuwa chini ya maji miguu haina pa kukanyaga na macho hayana cha kushika, hivyo sikio la ndani hubaki karibu peke yake katika kazi ya kuelekeza mwili.

Panya hao wana kisa ambacho kila mwalimu wa jenetiki angefaa kukifahamu. Mwaka 1966 watafiti Erway, Hurley na Fraser walionyesha kwamba panya wa pallid wakilishwa chakula chenye madini ya manganizi ya ziada wakati wa mimba, watoto wao huzaliwa na fuwele na hawana tatizo la msawazo, ingawa jeni yenye hitilafu bado wanayo na manyoya yao yamebaki yamepauka vilevile. Tena, panya wa kawaida wakinyimwa manganizi wakati wa mimba, watoto wao huzaliwa na kasoro ileile ya sikio, ingawa jeni zao ni nzima. Sijaona mfano unaolifundisha kwa ufupi zaidi suala la uhusiano wa jeni na mazingira. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1999, na protini yake, palidini, hufanya kazi ya kusafirisha vifurushi vidogo ndani ya seli, vikiwemo vile vinavyobeba rangi ya ngozi na manyoya. Ndiyo maana hitilafu moja inagusa rangi na msawazo kwa pamoja. Kasoro hii hurithiwa kwa njia fiche, hivyo panya wawili wanaoibeba bila kuionyesha wakizalishwa pamoja, mmoja kati ya watoto wanne kwa wastani atakuwa na jozi kamili ya jeni yenye hitilafu, na mwanafunzi anapata mraba wake wa Punnett, yaani jedwali la kukadiria urithi, ukiwa na mnyama halisi ndani yake.

Katika Kanda ya Ziwa somo hili huzua swali ambalo mwalimu hapaswi kulikwepa, nalo ni kama watu wenye ualbino wana tatizo la msawazo kama hao panya. Jibu litolewe waziwazi. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi nchini Tanzania inatokana na jeni nyingine kabisa, iitwayo OCA2, ambayo kazi yake inahusu utengenezaji wa rangi. Ulemavu wa kuona na hatari ya jua ndiyo mambo wanayopaswa kusaidiwa nayo. Fuwele za sikio hazimo katika habari hiyo. Kijitabu kinachokuja na modeli hakigusi urithi kwa namna yoyote, na kwa wanunuzi wa huku hilo ni pungufu kubwa, kwa sababu uvumi huota mahali maelezo yanapokosekana.

Baada ya pallid zimejulikana jeni nyingine nyingi. Jeni ya Otop1 ilitambuliwa mwaka 2003 kwa panya wenye kichwa kilichoinama na wasio na fuwele, na ilichukua hadi mwaka 2018 kugundulika kwamba protini yake ni mfereji wa kupitisha protoni, yaani chembe za hidrojeni zinazoleta asidi, kwenye utando wa seli. Ugunduzi huo unaeleweka kwa yeyote aliyesoma Kemia: kaboneti huyeyuka kwenye asidi, kwa hiyo mahali fuwele zinapojengwa panahitaji udhibiti mkali wa asidi. Jeni ya Nox3, iliyoelezwa mwaka 2004, ni ya kimeng'enya kinachofanya kazi hasa katika sikio la ndani. Panya wanaoikosa hawajengi fuwele hata moja, na mambo mengine ya miili yao ni ya kawaida kwa kiasi cha kushangaza. Jeni ya Oc90 hutoa protini iliyo kuu katika kiini cha kila fuwele, na panya wasio nayo hupata mawe machache makubwa yenye maumbo ya ajabu badala ya maelfu ya fuwele ndogo zinazolingana. Panya wasio na jeni ya pendrini nao hupata mawe makubwa kupita kiasi, na tena ni viziwi. Kwa binadamu, hitilafu katika jeni hiyo ya pendrini ndiyo chanzo cha ugonjwa wa Pendred, ambao huunganisha uziwi na rovu shingoni. Rovu nyingi zimetokana na upungufu wa madini joto, lakini daktari akimwona kijana mwenye rovu aliyekuwa hasikii vizuri tangu utotoni, ana sababu ya kuuliza habari za ukoo wake.

Lipo kundi la pili la panya, ambao fuwele wanazo na tatizo lao liko kwenye seli zenye vinyweleo. Hawa ni viziwi, hutikisa kichwa juu na chini, na hukimbia wakizunguka mahali pamoja. Mwaka 1995 ilifahamika kwamba panya wa ukoo uitwao shaker1 wana hitilafu katika jeni ya Myo7a, na mwaka huohuo jeni hiyohiyo kwa binadamu ikaonekana kuwa chanzo cha mojawapo ya aina za ugonjwa wa Usher. Jeni za Cdh23 na Pcdh15 zilifuata. Protini zake mbili hushikana na kuwa uzi mwembamba unaounganisha ncha ya kinyweleo kimoja na jirani yake, na uzi huo ukikosekana, seli haiwezi kugeuza mwendo kuwa ishara ya umeme. Mtoto mwenye Usher wa aina ya kwanza huzaliwa kiziwi, hana taarifa za msawazo kutoka sikioni, hivyo huchelewa kutembea, mara nyingi hadi baada ya miezi 18, na baadaye huanza kupoteza uwezo wa kuona usiku. Mzazi anaweza kudhani uziwi na kuchelewa kutembea ni mikosi miwili tofauti iliyompata mtoto mmoja. Panya wa maabara wametuonyesha kwamba chanzo ni kimoja, na kwamba mtoto kiziwi aliyechelewa kutembea anahitaji pia kupimwa macho mapema. Hili ni jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa elimu maalumu alijue, na katika kijitabu chenye kurasa kadhaa za maelezo ya kusikia, suala zima la msawazo wa mwili limepewa sentensi moja.

Kwa kuwa donge la modeli halifunguki, nimeliziba pengo hilo kwa kichwa cha sangara, na ninapendekeza kila mnunuzi wa huku afanye hivyo. Pale soko la samaki la Kirumba vichwa hupatikana kwa bei ndogo pamoja na mapanki, yaani mabaki ya mifupa ya samaki. Chagua kichwa cha samaki mkubwa, ukate fuvu kwa juu nyuma ya macho, uondoe ubongo polepole, na pande zote mbili chini yake utaona vifuko vyenye utando mwororo. Ndani ya kila kimoja limo jiwe jeupe, katika samaki mkubwa lenye urefu wa zaidi ya sentimita moja, upande mmoja likiwa na mfereji na kingo zake zikiwa na meno madogo yasiyolingana. Likioshwa na kukaushwa lina mng'ao wa kaure. Hilo ni jiwe la sakuli, ambalo kwa samaki hufanya kazi kubwa ya kusikia. La utrikuli, linalohusika zaidi na uvutano wa dunia, ni dogo na linahitaji kibano na subira. Mwalimu aeleze tofauti iliyopo: samaki ana jiwe moja katika kila kifuko na limejengwa kwa aragoniti, panya na binadamu wana maelfu ya fuwele za kalsiti, lakini kemikali ni ileile ya kalisi kaboneti. Jiwe likipasuliwa na kusuguliwa, pete za ukuaji huonekana, na wataalamu wa uvuvi huzitumia kukadiria umri wa samaki. Kisha weka kipande kidogo kwenye siki na uwaache wanafunzi watazame mapovu ya kaboni dioksaidi yakipanda. Baada ya hapo, habari ya Otop1 na protoni haihitaji kusukumwa. Wanafunzi wenyewe huuliza fuwele za panya zinakingwaje zisiyeyuke.

Wanunuzi wengine wa modeli hii ni wanafunzi wa vyuo vya afya, na kwao hukumu yangu ni kali zaidi. Kizunguzungu kinachomjia mtu anapogeuka kitandani husababishwa mara nyingi na fuwele zilizobanduka kutoka utrikuli na kuingia kwenye mfereji wa nusu duara, hasa ule wa nyuma. Tiba yake ni kukigeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua ili fuwele zirudi zilikotoka, kama alivyoeleza daktari John Epley wa Marekani katika makala aliyoichapisha mwaka 1992. Modeli yenye mfereji ulio wazi na chembe chache ndani yake ingeifundisha tiba hiyo kwa dakika chache. Hii ina mifereji iliyojaa plastiki, kwa hiyo kinachobaki ni kuifuata njia kwa kidole na kuwaza. Mwanafunzi wa tiba anayeweza kuongeza fedha kidogo atafute modeli ya labirinti pekee, iliyokuzwa zaidi na yenye vifuko vinavyofunguka, hata kama italazimu kuiagiza Dar es Salaam.

Kuhusu huduma dukani, muuzaji alikuwa mstaarabu na aliniruhusu kufungua boksi kabla ya kulipa, jambo ambalo maduka mengine hukataa. Hakujua chochote kuhusu sehemu za ndani, na sikutarajia ajue, ila risiti na hati ya kubadilishiwa ndani ya wiki mbili vilitolewa bila usumbufu. Skrubu moja ya kitako ilikuwa imelegea na ilibadilishwa hapohapo. Plastiki imestahimili mikono mingi ya darasani na vumbi la kiangazi, na inasafishika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni bila rangi kuchuja, ukiacha ile njano niliyoitaja.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Shule inayotaka kufundisha kusikia na mzunguko wa kichwa inunue bila wasiwasi. Mwalimu anayetaka kuvuka hapo aende kwenye fuwele na jeni anunue pia, akijua kwamba atahitaji ubao, siki na safari ya asubuhi Kirumba, kwa sababu vichwa vilivyokaa juani hadi mchana huwa na vifuko vilivyooza na mawe ya utrikuli hayaonekani tena.